Hoda Namba Saba na Nane

Mkomaindo, Masasi
14 Septemba

Kaka Lukmani,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tunduru, wewe, wifi Anifa na watoto. Sisi huku tunaamka salama. Mama miguu bado inamsumbua asubuhi, ila akishaota jua anatembea mwenyewe mpaka kwa jirani, na ameniagiza nikwambie kitenge ulichomletea kimemkaa vizuri. Mikorosho imeanza kutoa maua. Vumbi ni lile lile.

Utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Nimekupigia mara mbili, na mara zote mbili nikaishia kuuliza habari za watoto. Haya nikiyasema kwa mdomo utanikatiza, na ukinikatiza sitamaliza. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujampigia rafiki yako Faruku.

Kaka, yule mtu simtaki tena machoni pangu. Najua mlisoma pamoja, yeye akilala kitanda cha juu na wewe cha chini, na najua ni wewe uliyemwambia kwamba mdogo wako ana studio ya picha za pasipoti Masasi na Chimakonde anakijua. Siku ile nilikushukuru sana. Leo nikisikia jina lake nasikia kinyaa, kama mtu aliyekuta unywele kwenye uji baada ya kumeza nusu bakuli.

Kazi yenyewe, ya kumsaidia kupiga picha za wazee wetu, niliipenda, sikufichi. Faruku ana kamera kubwa ya mbao, mbele lenzi, nyuma kioo, katikati mkunjo wa ngozi unaovutwa kama kinanda cha mkono. Akitaka kupiga anajifunika kitambaa cheusi kichwani, anamtazama mtu kwenye kile kioo. Filamu zake si za kuzungusha. Ni karatasi moja moja, kila moja pana kama daftari la shule. Zinakaa ndani ya vibebeo bapa anavyoviita hoda, karatasi mbili kila hoda, moja mbele na moja nyuma, na kila upande una kifuniko cha kuchomoa. Kifuniko kina ukingo mweupe upande mmoja na mweusi upande wa pili. Ukiona mweupe, filamu bado haijapigwa. Ikishapigwa, unakirudisha mweusi ukiwa nje. Ukikichomoa hovyo juani, filamu imekufa.

Hoda zote kumi na mbili zilikuwa mikononi mwangu. Yeye alikuwa akizisokomeza kwenye begi moja na viatu vyake. Mimi nilitafuta boksi la kuuzia samaki wa barafu, nikalisugua kwa majivu mpaka harufu ikaisha, nikasimamisha kadibodi katikati: kushoto ambazo hazijapigwa, kulia zilizopigwa. Kila hoda nikaishonea mfuko wa kanga kuukuu, nikabandika namba kwa plasta, na kwenye daftari nikaandika namba, jina la mtu na mahali. Siku ya kwanza, pale Chiwata, tulipiga wazee watatu na hakuna punje ya vumbi iliyoingia. Faruku alinisifu mbele ya Bwanali, dereva wa pikapu tuliyokodi, akasema Dar es Salaam nzima hajapata msaidizi kama mimi. Nikavimba kichwa.

Lakini hata Chiwata kuna kitu kilianza kunikera. Majina ya wale wazee niliuliza mimi. Yeye alikuwa akisema leo tumepata sura tatu, kesho tutafute sura nzuri zaidi, kama mtu anayechagua nazi sokoni.

Siku ya tatu tukapanda Newala, kwa Bibi Somoe. Ni mjane mwenye umri mkubwa, anakaa na mkwewe Hamida ukingoni kabisa, mahali unapoona bonde lote la Ruvuma chini. Ana nembo za zamani usoni na kifuani, zile walizochanjwa wasichana enzi zao, na tundu la kuvalia ndonya kwenye mdomo wa juu bado lipo. Alitupokea vizuri, akatutandikia mkeka, Bwanali akamtolea kiti nje. Hamida alikuwa ndiyo kwanza amefika na ndoo ya maji kichwani, ametoka foleni tangu alfajiri. Unajua maji ya Newala yalivyo.

Faruku akasema boksi la filamu limepata joto. Akachukua taulo, akalitumbukiza kwenye ile ndoo bila kuuliza, akalifunika boksi. Halafu akanawa mikono humo humo, akasuuza na miguu ya kamera iliyokuwa na vumbi jekundu. Hamida alisimama akimtazama. Maji yakawa kama chai. Niliona aibu nikainamia hoda zangu, nikajifanya nazihesabu.

Basi akampiga Bibi usoni filamu mbili, hoda namba sita. Akatoka chini ya kitambaa, akaniambia, "Mwambie avue. Nataka kifua."

Nikamwambia mama mtu mzima kama yule havui mbele ya wageni. Akasema, "Wewe ongea naye lugha yenu. Kazi yako ndiyo hiyo."

Bibi alikataa. Akajivuta kanga mpaka shingoni. Mimi nikachuchumaa mbele yake, nikazungumza naye, akakubali. Nilichomwambia nitakiandika mbele, kwa sababu mkono wangu bado unakataa. Akafungua kanga taratibu, akageuza uso upande wa bonde. Faruku alimpiga filamu nne, namba saba na namba nane, na katikati alikwenda kumpaka mafuta kifuani kwa kiganja chake, eti nembo zing'ae. Nikampa hoda, nikapokea hoda, nikageuza vifuniko vyeusi nje. Kila kitu nilikifanya kwa usahihi, kaka.

Tulipokuwa tunarudi Masasi tukasimama kula. Bwanali akaenda msikitini kuswali adhuhuri. Faruku, mdomo umejaa nyama, akaniambia picha ya Bibi itawekwa mlangoni kwenye maonyesho yake, hotelini, kubwa kupita kimo cha mtu, watu wapite na glasi zao wakiitazama. Halafu akayataja matiti ya yule bibi kwa neno nisiloweza kuliandika, akacheka, akaendelea kunyonya mfupa. Mafuta yalikuwa yanamtiririka kwenye kiganja kile kile alichompakia Bibi.

Mwezi uliofuata akanipigia kutoka Dar. Filamu nne zimetoka nyeusi tii kama lami, na ni zile zile za kifua cha Bibi. Akasema ni Bwanali, aliachiwa gari akachezea hoda. Akampigia na tajiri mwenye pikapu, naye akamnyang'anya Bwanali funguo siku hiyo hiyo. Nadhani wewe pia Faruku amekusimulia hivyo.

Kaka, si Bwanali. Ni mimi. Siku ile tulipokuwa tunakula, nilimwambia Faruku nakwenda kutazama boksi. Nikatoa namba saba na namba nane kwenye mifuko yake, nikachomoa vifuniko vyote vinne, nikazielekeza filamu kwenye jua la saa saba mchana, upande mmoja, kisha wa pili. Nikarudisha vifuniko, vyeusi nje, nikazifunga kwenye kanga zake, nikaenda kumalizia wali wangu.

Bwanali alipofukuzwa nilinyamaza siku tisa. Nilimwona akisukuma mkokoteni hapa Mkomaindo, nikaingia ndani nikafunga mlango. Siku ya kumi nikaenda kwa tajiri nikamweleza. Nikampigia na Faruku; matusi yake sitayarudia. Bwanali amerudishiwa gari, lakini akinipita barabarani anatazama mbele tu, na sina cha kumlaumu.

Na sasa lile nililoliacha. Bibi Somoe alipokataa, nilimwambia picha itakwenda kwa akina mama peke yao, na hakuna mwanamume atakayeiona. Akanyoosha kidole kwa Faruku, akaniuliza, "Na huyu?" Nikamjibu kwamba huyu akishaingia chini ya kitambaa cheusi haoni kitu. Nilijua anaona kila kitu. Ndiyo sababu ya kitambaa kile.

Juma lililopita nilipanda Newala peke yangu. Nilimkuta anachambua choroko uani. Nikamweleza yote, la kitambaa na la jua. Nilifikiri nikimwambia picha zimeungua ataniweka mkono kichwani. Aliendelea na choroko zake mpaka ungo ukaisha, kisha akasema, "Yule kijana mimi simjui, mjukuu wangu. Mimi nilikuvulia wewe."

Akaingia ndani. Hamida akanisindikiza mpaka njiani, akitangulia hatua kumi mbele yangu.

Ndiyo hayo, kaka. Urafiki wako na Faruku ni wako, sikuchagulii. Nilitaka tu ujue ni mkono wa nani ulioharibu zile picha, na ni mdomo wa nani ulioharibu kabla ya hapo.

Mama anakusalimu sana, anauliza lini mtakuja. Mpe wifi salamu zangu, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu. Ukipata nafasi nijibu, hata kama ni kunigombeza.

Ni mimi mdogo wako,

Zena