Bomba la Zahanati na Sentensi Niliyoiruka

Baba,

Nakuandikia kwa Kiswahili, maana Kifaransa ndicho kilichotuponza. 

Mama hajambo. Tangu tukuzike, begi lako la vifaa linaning'inia nyuma ya mlango, na anayeligusa anafokewa. Mimi nafua mashuka kwenye zahanati ya masista kule Remera, ile uliyoifungia umeme mwaka mmoja kabla ya vita. Kila nikiwasha taa nilikuwa najisikia niko nawe. Mpaka Jumanne.

Jumanne Konsolata, muuguzi, alitoka bafuni akicheka, "Bomba iko inaruma!" Wenzake wakacheka. Lakini bomba linalouma mtu lina umeme, hilo ulinifundisha. Ndani kulikuwa na mama aliyejifungua asubuhi ile, miguu mitupu kwenye sementi yenye maji, mkono tayari unaelekea bombani. Baba, sikujua kama nina sauti kubwa vile. Nilimpigia kelele asiguse, nikakimbilia swichi kubwa nikaikata. Zahanati nzima ikazima.

Chombo cha kuchemshia vifaa kilikuwa kinavujisha umeme. Ungesema hilo ni jambo la kawaida, ndiyo maana kuna waya wa ardhi. Lakini waya wa ardhi tuliufunga kwenye bomba la maji, na mwezi uliopita watu wa maji walichimba barabarani, wakang'oa bomba la chuma, wakaweka la plastiki. Umeme ukakosa pa kushukia, ukabaki kwenye mabomba yote ya nyumba.

Unakumbuka tulivyokuwa tukifanya? Wewe umeshika koleo, mimi nina kitabu cha masharti ya umeme magotini. Kifaransa hukukijua, kwa hiyo nasoma nakugeuzia Kiswahili. Kabla hujakaza skrubu unauliza, "Kitabu kimesema?" Nami najibu, "Kimesema." Hukuwahi kukaza bila kuuliza. Mtaani kwetu Biryogo ulimtangazia kila mtu kwamba Mwajuma wako anakijua Kifaransa kama kunywa maji.

Siku ile tulipofunga waya kwenye bomba la zahanati, sentensi ilikuwa ndefu. Mwanzo niliuelewa: waya wa ardhi waweza kufungwa kwenye bomba la maji. Halafu yakaja maneno nisiyoyajua, nikaona aibu. Ukauliza. Nikasema kimesema.

Sasa nimekisoma tena kwa kamusi. Kinasema waweza, endapo bomba ni la chuma bila kukatika mpaka ardhini, na mwenye nyumba aonywe asilibadilishe kabla ya kumwita fundi. Hatukumwonya mtu, Baba. Hukujua kama kuna mtu wa kuonywa.

Mwenzako, fundi Karimu, alikuja akapigilia fimbo ya shaba nyuma ya jiko, akaizungushia mkaa na chumvi kama ulivyokuwa ukifanya kiangazi, udongo ukikauka. Alipomaliza na kurudisha umeme, nililigusa bomba kwa mgongo wa mkono, ulivyonifundisha, huku nimefumba macho. Halikuuma. Sista mkuu alikuwa amesimama pale, akatikisa kichwa: "Mzee wetu alikosea, Mungu amrehemu." Na mimi, mtoto wako wa kumzaa, nikamwacha aamini hivyo. Nikainamia mashuka yangu.

Naogopa, Baba. Daftari lako la kazi lina nyumba nyingine tulizozifunga hivyo hivyo, Gisozi, Kicukiro, mbili hapa hapa Nyamirambo, na watu wa maji bado wanachimba. Kwenda Gisozi siku hizi ni vizuizi njia nzima. Msichana mwenye koleo na roli ya waya begini, atajieleza vipi kwa askari? Vizuizi naviogopa. Ninachoogopa zaidi ni kupiga hodi nikute watu wamekaa matanga.

Lakini nisipokwenda mimi, nani anajua? Kesho asubuhi nalichukua begi lako, Mama akifoka na afoke. Karimu amekubali tufuatane. Nakuahidi kila nyumba nitaisoma sentensi yote mpaka nukta, na neno nisilolijua nitasema sijui, hata wakinicheka. Ila kwanza napita kwa Sista. Nitamwambia hukukosea. Wewe uliuliza, mimi ndiye niliyejibu.

Mola akulaze pema, Baba yangu. Na huko uliko, usikaze kitu. Ningoje, safari hii nasoma mpaka mwisho.

Binti yako,
Mwajuma