Kenchi Zilizokatwa kwa Kamba

Ifakara,
Jumapili baada ya misa

Mke wangu Theresia, Mama Klara,

Nakusalimu kutoka huku bondeni kwenye maji na mbu. U hali gani? Klara hajambo? Kikohozi cha mama kimepoa, au bado anakataa dawa mpaka abembelezwe? Mimi mwili ni mzima. Homa ilinishika siku nne mwezi uliopita, ikaniachia. Mengine si mazima, na ndiyo yaliyonikalisha na kalamu wakati wenzangu wamekwenda kula.

Barua yako ilinifika Alhamisi moja, sasa ni wiki tatu. Nimeanza kuijibu mara nne, nikachana karatasi mara nne. Unasema mahindi umekwisha kuyagawa, mbuzi umemwachia kaka, na kwamba mavuno yakiisha mtaanza safari kuja kukaa nami katika nyumba ya fundi mkuu. Theresia, nakuomba usifunge mzigo hata mmoja kabla hujaisoma hii mpaka mwisho. Na usiisome mbele ya mama.

Unaijua kazi niliyoitiwa. Ni ghala la mpunga, refu, kuta za matofali ya kuchoma, na lazima liezekwe bati kabla watu wa Mchombe hawajaanza kuleta mpunga wao. Msimamizi ni Kalasinga mmoja, Bwana Mohan, mtu wa maneno machache na macho makali. Mimi nilipewa kenchi, yaani zile pembetatu za mbao zinazobeba paa. Kenchi kumi na mbili. Siku ya kwanza alinikunjulia ramani, akanipa na futi ya kukunja, akaniuliza, "Unasoma hii?"

Nikasema, "Nasoma bila shida."

Ulikuwa uongo. Herufi nazijua, nilizipata kwenye mafundisho ya ubatizo, na kuhesabu najua. Lakini vile vistari vidogo kati ya inchi na inchi, vingine virefu vingine vifupi, sijapata kuvielewa maishani mwangu. Huko nyumbani nani aliniuliza? Napima kwa shibiri yangu, na milango yangu yote inafunga. Sasa nina mvi kidevuni, wasaidizi watano wananiita fundi mkuu, halafu niulize kistari hiki ni nini? Nikaona aibu.

Nikatumia ujanja. Nilimwomba Bwana Mohan apime kenchi ya kwanza kwa mkono wake, eti kwa heshima. Akapima, akatia alama kwenye mbao. Alipoondoka tu, nikachukua kamba ya katani, nikaivuta juu ya zile alama, nikafunga fundo penye kila alama. Kamba hiyo ndiyo iliyokata kenchi zote. Futi niliichomeka kwenye mfuko wa shati ili ionekane.

Kenchi sita tulizikata kabla ya mvua, zikatoka sawasawa. Kisha masika yakaingia. Mto Lumemo ukatapika maji hadi kwenye mashamba, sisi tukawa tunafanya kazi chini ya turubai linalovuja, na kamba yangu ikalowa wiki nzima. Wewe umefunga mbuzi kwa kamba ya katani wakati wa mvua, unajua inavyojikaza ikawa fupi. Mimi pia najua. Klara anajua. Lakini mtu akishaficha jambo, hata analolijua hulisahau. Nilikata sita nyingine kwa kamba iliyolowa, huku napiga mluzi.

Mvua ilipopungua tukaanza kuzipandisha. Sita za kwanza zikakaa. Ya saba nilipoipokea juu, nikaona mguu wake mmoja umelalia ukuta kwa vidole viwili tu. Nikaitazama kamba pale chini, nikajua papo hapo. Nikajua pia kwamba tano zilizobaki ni vivyo hivyo. Unadhani nilisema? Nilimwambia Saidi, msaidizi wangu, aniletee kipande cha mbao na saruji. Nikachomeka kabari, nikaipaka saruji juu, nikamwambia aegemeze nguzo chini mpaka ikauke. Saidi alinitazama, akaenda kuleta nguzo.

Siku ya tatu yake, mchana, upepo ukavuma kutoka milimani. Nilikuwa juu ya ukuta nikasikia mlio wa mbao ikiteleza. Mguu ule ukatoka, kenchi ikashuka upande mmoja na kuikumba nguzo. Chini alikuwa akipita Alois, mchukua matofali, mwenyeji wa Mchombe, na matofali kichwani. Aliruka. Mbao ilimparuza bega na kuyavunja matofali yote. Angechelewa hatua moja, Theresia, leo ningekuwa nakuandikia habari za maziko.

Bwana Mohan alikuja mbio. Akaiona nguzo iliyoanguka, akamwona Alois ametapakaa damu.

"Wewe umegonga nguzo na mzigo wako!"

"Sikuigusa, Bwana. Nilikuwa mbali nayo."

"Mbali, na damu inakutoka? Jumamosi kuna lori. Panda uende kwenu."

Alois akainua macho kwangu. "Mzee fundi, wewe ulikuwa juu. Uliniona. Nisemee, tafadhali."

Mimi mumeo nikasema, "Nilikuwa nimeelekea upande wa pili."

Nimeliandika hilo bila kulificha, na wewe usiliruke. Kesho yake ndipo barua yako ikafika. Niliisoma nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha nyumba ile unayoitamani, vyumba viwili na jiko, na upande wa pili wa njia Alois alikuwa akikunja mkeka wake. Nikasoma kwamba unawaambia majirani mumeo ni fundi mkuu wa Wahindi.

Ijumaa asubuhi nikapiga moyo konde. Nikaichukua kamba, nikaingia ofisini kwa Bwana Mohan, nikaiweka mezani na kumweleza yote tangu mwanzo. Kisha akaifungua futi yake mbele yangu.

"Nionyeshe inchi saba na thumuni tatu."

Nikaweka kidole. Akakiondoa. Nikaweka pengine. Akakiondoa tena.

"Miezi minne umenidanganya," akasema.

"Ndiyo, Bwana."

"Mtu angekufa."

"Ndiyo, Bwana."

"Kwa nini hukuuliza? Mimi nilijifunza futi hii nikiwa na watoto wawili."

Akanipa njia mbili. Nipande mimi lile lori la Jumamosi, au nibaki seremala wa kawaida chini ya Saidi, nimwachie Saidi nyumba, na nizikate upya zile kenchi sita kwa kusoma futi mwenyewe. Akasema mbao zilizokuja kutoka Mang'ula zinatosha kenchi sita tu. Nikiharibu hata moja, safari yangu imefika. Nikasema nabaki.

Alois hakufukuzwa tena. Nilimfuata kumwomba radhi, naye hakunirahisishia.

"Mzee fundi, ungeniacha niende hivi hivi?"

"Ilibaki kidogo," nikamjibu, maana uongo nilikuwa nimeuchoka.

Akatafuna mdomo. Ningeondoka, lakini nilikuwa nimesikia kwamba alifika darasa la nne, nikamwambia sijui vistari. Alinitazama, akacheka kicheko kisicho kizuri, kisha akasema, "Basi kaa chini."

Tangu siku ile kila saa ya chakula cha mchana tunakaa nyuma ya tanuri la matofali. Alikata ukanda wa jani la mgomba, akaukunja katikati, akasema hii ni nusu. Akaukunja tena, hii ni robo. Tena, hii ni thumuni. Akaukunjua, nikaviona visehemu vinane pale kwenye jani, nikavihesabu kwa kidole. Kitu chenyewe ni hicho! Nilikiogopa miaka yote hiyo. Lakini kukiona si kukishika. Kwenye jani naweza, kwenye futi vistari vinacheza machoni. Wachukua matofali wakipita husema, "Darasa la kwanza hilo, msilipigie kelele!" Siku moja nilikosea mara tatu mfululizo nikaitupa futi mchangani kwa hasira.

"Iokote, mzee," Alois akasema. "Yenyewe haina kosa."

Nikaiokota. Hapo nilikukumbuka wewe. Tulipooana ulikuwa umetoka shule ya masista, ukataka kunionyesha hesabu, nikakujibu kwamba fundi hafundishwi na mkewe. Ukaenda kuosha vyombo. Nilikukosea, na nakuomba msamaha, japo nimechelewa sana.

Jana nimeikata kenchi ya saba upya. Nilipima kila mbao mara nne, Alois hakuruhusiwa kunisogelea. Kesho inapandishwa, na Bwana Mohan amesema atakayeipokea juu ni mimi. Naogopa, mke wangu. Barua hii siifungi leo.

Jumatatu, jioni

Imepanda. Nilikuwa juu ya ukuta tangu asubuhi. Watu kumi walivuta kamba, Saidi akaelekeza, ikaja polepole mpaka usoni pangu. Mguu wa kwanza ukakaa. Wa pili sikuweza kuutazama, nikaupapasa kwa kiganja. Umelalia ukuta wote, Theresia, sawasawa na zile za mwanzo. Machozi yalinitoka na sikujificha. Bwana Mohan akapanda ngazi, akapima huku na huku, akasema, "Haya, kata ya nane," akashuka. Zimebaki tano, na yoyote kati ya hizo yaweza kunirudisha nyumbani.

Nisalimie mama, mwambie mwanawe anakula vizuri. Msalimie kaka Benedikto anayetulindia mbuzi, na shangazi Anjela aliyetubariki siku ya harusi, na mwalimu wa dini. Klara mwambie asichoke na shule, na kwamba baba yake pia anasoma.

Kwenye nyumba ya fundi mkuu anakaa Saidi na wanawe. Mimi nina chumba kimoja cha udongo karibu na tanuri, moshi unaingia upepo ukigeuka. Nitafurahi kupita kiasi mkija, lakini uamuzi ni wako, maana ni wewe uliyewaambia majirani. Ukiona aibu kuja kwa mtu aliyeshushwa, sitakulaumu. Mimi niliona aibu ndogo kuliko hiyo, ikakaribia kuua mtu.

Ni mimi mumeo anayekupenda,
Gaudensi