Flashi Yangu Iko kwa Mtani

Jumapili, 9 Juni 2024

Imewaka! Imewaka tena jamani, na hapa Kitangari hakuna wa kumwambia.

Kompyuta hii ilikuwa stoo ya shule, juu yake wamepanga madawati mabovu. Diski imekufa. Fundi wa Newala aliigongagonga, akasema mwalimu, hii tupa. Sikutupa. Nilishuka Masasi nikawekewa Linux, mfumo wa kuiendesha, kwenye flashi. Yaani ndani ya kompyuta hamna diski ya maana, mfumo mzima umo kwenye kidubwasha kisichozidi kidole gumba. Unachomeka, unawasha, unabonyeza F12 haraka kabla haijakata tamaa, halafu unasubiri. Inasubirisha kweli! Lakini inaamka.

Wiki iliyopita niliandika kurasa nzuri kabisa, nikazima kwa furaha. Kuwasha tena — hakuna kitu. Kumbe flashi ya namna hii, usipoitengea nafasi ya kuhifadhi, kila ukizima inasahau yote. Hata jina langu ilikuwa haijui. Nimerudia kazi upya, nafasi nimetenga, na sasa inakumbuka. Maneno haya yamo humo kwenye flashi na hayako pengine popote. Faili nimeliita "Yangu".

Jumanne, 11 Juni

Asubuhi flashi imegoma. Nimeichomoa, naona meno yake yamekuwa meusi. Salfa! Mzee Dauda, mwenye nyumba, amejaza mifuko chumba cha pili, maana msimu wa kupulizia mikorosho umefika, na vumbi lake linapita chini ya mlango. Nimesugua kwa kifutio cha penseli mpaka yakang'aa. Imekubali.

Kuanzia leo siiachi mezani. Nimeitia uzi, naivaa shingoni, ndani ya shati. Mzee Dauda kauona uzi. Shikamoo, marahaba, halafu akauliza kama mwalimu ameanza kuvaa hirizi. Nikacheka. Nilitaka aendelee kuniuliza, lakini alikuwa anawahi foleni ya maji.

Ijumaa, 14 Juni

Ukungu tangu alfajiri. Shule. Nyumbani. Ugali na dagaa. Mlango nimefunga mapema, nani atakuja?

Nimegundua kwamba ninaisalimia kompyuta. Habari ya kutwa, naiambia. Inajibu kwa feni.

Niseme tu, kwa sababu hapa hasomi mtu. Naogopa. Nikifia humu ndani siku ya Ijumaa kama leo, nani atajua kabla ya Jumatatu? Wataona darasa halina mwalimu, watasema labda kaenda kwao Lulindi. Na salfa hii itaficha hata harufu. Nimecheka nilipoandika hivyo, halafu nikalia. Mtu mzima, ndevu zina mvi, analia mbele ya skrini!

Jumapili, 16 Juni

Mjomba Reginald amepiga simu, kama kila Jumapili baada ya ibada. Halo! Halo! — anavyopiga kelele utadhani hataki hata kutumia simu, anataka sauti ipande mlima yenyewe. Unakula nini? Unaongea na nani? Nimemwambia nimefufua kompyuta. Akauliza kama inajua kupika. Akasema mpwa wangu, shuka huko, uje ukae na watu. Nikasema likizo ikifika.

Yeye peke yake ndiye anayeniuliza ninaongea na nani.

Jumanne, 18 Juni

Mjomba amefariki. Alfajiri, usingizini. Mama Mkubwa Agatha ndiye amenipigia. Naondoka sasa hivi. Kompyuta nimezima, flashi ninayo shingoni.

Ijumaa, 21 Juni

Naandika kwa kalamu, nyuma ya karatasi za mtihani wa kidato cha pili. Flashi sina.

Tumemzika Jumatano. Kanisa la Lulindi lilijaa, kwaya ikaimba vizuri, mimi nikasimama na wafiwa na sikujua mikono yangu niiweke wapi. Watu wananipa pole, naitikia, halafu basi. Kila mmoja ana mwenzake wa kunong'ona naye. Mimi nilishika uzi wangu.

Jana asubuhi wakarudi watani, wale wale waliochimba kaburi. Ukoo wa Lisekese na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu — wao huchimba kaburi letu, hupika, na hututania mpaka machozi yakauke. Mbele yao alikuwa mwanamke mmoja, Oliva, mshonaji, mjane wa makamo. Amevaa koti la marehemu na kofia yake! Anatembea kama yeye, mguu wa kushoto nyuma. Ameshika gunzi la muhindi sikioni: "Halo! Halo! Mpwa wangu, unakula nini?"

Watu waliangua kicheko. Mama Mkubwa Agatha alicheka mpaka akakaa chini. Mimi peke yangu sikucheka.

Nafikiri aliniona. Alikuja moja kwa moja, akauvuta uzi shingoni, flashi ikatoka. Akaipandisha juu: "Jamani, nimekamata uchawi wa mwalimu! Anaficha mke humu!" Kicheko tena. Ndivyo ilivyo, mtani msibani huchukua anachotaka, kiwe kiatu au sufuria, na wewe unakikomboa kwa kuku mnacheka yanaisha. Mtoto mdogo wa kwetu analijua hilo.

Nikampigia kelele. "Nipe! Huna adabu wewe! Kuna msiba hapa!"

Kicheko kikakatika. Kumkasirikia mtani! Msibani! Sijawahi kuona mtu akifanya hivyo, na nikawa mimi. Oliva hakujibu. Alilivua koti, akalikunja taratibu, akaliweka mkekani. Flashi akaitia kifuani.

Mama Mkubwa Agatha alinivuta nyuma ya jiko. Akasema umekaa peke yako huko mlimani mpaka umesahau kufiwa na watu. Akasema katafute kuku ukamkomboe mtani kabla ya kuondoka, ukiondoka hivi hivi umewaambia kwamba sisi na wao basi. Nikasema sawa. Nikapita kwenye migomba, nikatokea barabarani, nikapanda bodaboda.

Nimetoroka matanga ya mjomba wangu. Kwa aibu, siyo kwa hasira. Lakini nani atajua tofauti?

Jumamosi, 22 Juni

Nimeiwasha hivyo hivyo, bila flashi. Skrini nyeusi, mstari mmoja mweupe: hakuna kifaa cha kuwashia. Nimeuangalia mstari huo muda mrefu sana.

Kinachoniuma si mashine. Ni faili. Oliva akilifungua atasoma ile ya Ijumaa — kufa, harufu, kulia. Mtani! Mtu ambaye kazi yake ni kucheka! Msiba ujao atavaa shati langu, atalala chini, atauliza jamani nani kanusa salfa. Na watu watakaa chini kwa kicheko.

Jumapili, 23 Juni

Ibada imekwisha. Simu nimeiweka mezani ikiangalia juu. Najua haitalia. Nimeiweka tu.

Baadaye.

Imelia! Namba ngeni. Nikapokea, nikasikia: "Halo! Halo! Unakula nini?"

Nikajibu ugali na dagaa. Naapa, nilijibu kabla sijafikiri. Halafu nikakaa kitandani.

"Ni mimi mtani wako," akasema Oliva, kwa sauti yake mwenyewe, pole pole. Namba kapewa na Mama Mkubwa. Niliibana simu sikioni. Na yeye akangoja, hakukata. Kisha akauliza kuku wake yuko wapi. Nikamuuliza kama ameifungua ile flashi. "Nifungue nini, wakati yule mke wako humo ndani anakoroma?" Akacheka, salio likaisha.

Ameifungua au hajaifungua? Mwanamke huyu hajibu swali hata moja sawasawa.

Jumatano, 26 Juni

Nimo darasani, simu inatetemeka. Oliva. Nikatoka nje kwenye ukungu.

Yuko steshenari Masasi mjini. Kaenda kunifanyia hisani, anasema — kuna picha za mjomba, za kanisani na za zamani, watu walizo nazo kwenye simu, amezikusanya zote anataka zitiwe kwenye flashi yangu. Mwenye duka kaichomeka. Kompyuta imesema hiki kitu hakisomeki, kifomatiwe kwanza. Mwenye duka anataka kubonyeza ndiyo.

"Usibonyeze!" Nilipiga kelele mpaka kidato cha pili wakasimama madirishani. "Mwambie asibonyeze! Vitafutika vyote!"

"Mtani, unanifokea tena?"

Nikashusha sauti. Nikasema tafadhali. Nikasema tafadhali mtani wangu, nimekosa, siku ile nilikosa mbele za watu na leo nakosa tena, mwambie achomoe. Nikamsikia anasema kaka, chomoa, mwenyewe analia. Sikuwa nalia. Karibu.

Nikamweleza: flashi ile imepangwa kwa Linux, kompyuta nyingi na simu haziwezi kuisoma ile sehemu yenye maandishi yangu, zinadhani imeharibika. Basi hukusoma kitu? nikamuuliza. "Nisome nini? Wanasema haisomeki."

Hajasoma. Hakuna aliyesoma. Sasa ilipaswa nimshukuru Mungu.

Nimerudi darasani nimevunjika moyo, na nimebaki hivyo kutwa nzima. Nilikuwa nimeshazoea kwamba kuna mtu anajua. Siku zote hizi nilikuwa namwogopa Oliva, na kumbe nilikuwa namngoja. Nilikuwa namjibu kichwani: ndiyo, nililia, cheka basi. Hata kufa nilikuwa siogopi sana, kwa sababu mtu wa Lisekese anafahamu kwamba naogopa. Leo nimerudishwa kwenye ukimya wangu, salama kabisa. Naichukia hiyo salama.

Alhamisi, 27 Juni

Hakupiga. Mimi nilishika simu, nikaiacha. Ningesema nini?

Jumamosi, 29 Juni

Naandika nimesimama jikoni, karatasi juu ya kifuniko cha ndoo. Naharakisha, sitaweza kusoma mwandiko wangu.

Oliva yuko sebuleni.

Alibisha hodi nikifua. Kapanda mlima kwa bodaboda, kilemba kimejaa vumbi, na kwapani kuku — jogoo mwekundu, mzima, ananiangalia. Nikasema karibu. Akasema hakaribii, kwanza alipwe. Akanipa jogoo. Nikampokea sijui kwa nini. Akanyoosha mkono: "Haya, nilipe sasa. Nimechoka kungoja kuku wa mwalimu, nimekuja naye mwenyewe." Nikamrudishia jogoo wake kwa mikono miwili, kwa heshima, kama malipo yangu. Akampokea, akamkagua makucha, akasema amekonda, lakini kwa mwalimu wa serikali inatosha. Ndipo akauvua uzi shingoni mwake. Alikuwa ameuvaa!

Mzee Dauda alisimama na pampu yake ya salfa mgongoni, akacheka mpaka akakohoa. Na mimi nilicheka. Nimecheka uani kwangu, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu nihamie nyumba hii.

Halafu tukawa wawili ndani. Alikiangalia kitanda, sufuria moja, kiti kimoja. Hakutania. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Akasema Mama Mkubwa Agatha amemtuma aseme matanga yanamalizwa Jumamosi ijayo, na nafasi yangu mkekani haijakaliwa. Halafu akatoa simu: picha za mjomba zote zimo, niziweke kwenye kompyuta, aone jinsi inavyofanya kazi hii hirizi.

Nikamwachia kiti. Nikachomeka, nikawasha, nikamwonyesha F12 akaibonyeza yeye, kwa nguvu, kama anaua mdudu. Nikasema itachukua muda, nachemsha chai. Nikakimbilia huku.

Nasikia feni. Nasikia jogoo anadonoa mguu wa meza.

"Mtani! Mke wako ameamka!"

Vizuri, nimemjibu.

"Kuna karatasi hapa kwenye kioo. Imeandikwa Yangu. Ya kwako, siyo?"

Ndiyo, nimesema.

"Nifungue, au ya siri?"

Nikisema ya siri ataiacha. Namjua kiasi hicho sasa. Atatania kidogo, tutaweka picha, tutakunywa chai, atashuka kabla ya giza, nami nitafunga mlango. Yote yatakuwa salama.

Ameuliza tena. Safari hii hakusema mtani. Amesema Yoeli.

Nimemwambia fungua.

Sauti yangu ilitoka ndogo, labda hakusikia. Nasikia kiti kinasogea karibu na meza. Kitufe. Kitufe tena.

Amenyamaza, nadhani anasoma. Mwanamke huyu, tangu nimjue, siku ile tu nilipomfokea ndiyo alinyamaza hivi. Chai inafurika na siitoi, nasikiliza —