Bi Zuleikha Asimama Mahakamani

Timbwani, Likoni

Kwa dada yangu Swabra,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta wewe, shemeji na wanao mu wazima, na kwamba goti lako limepoa. Sisi huku hatujambo, Yasir wangu anazidi utundu, na mimi nina furaha isiyotoshea kwenye simu. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Ile habari niliyokunong'oneza siku ya Idi, kwamba nimepata nafasi ya kusomea sheria Nairobi, nilikuwa bado sijamfungulia mama mkwe. Mansur alishakubali, mume mwema yule. Lakini Yasir angebaki na nani kama si bibi yake? Na Bi Zuleikha unamjua, akikunja uso hata paka huhama jikoni. Kila nilipotaka kusema, ulimi uliniganda.

Sasa sikia. Darasa langu la akina mama limefika kwenye katiba. Niliona kusoma vifungu kunawasinzisha, nikawaambia tufanye mahakama. Kesi waliichagua wenyewe: mke wa mtu ataka kurudi kusoma, mama mkwe amkataza. Hiyo ilikuwa kesi yangu hasa, na Bi Zuleikha naye ni mwanafunzi wangu, tena hakosi siku. Wakaokota vikaratasi, kila mtu na nafasi yake, wakapanga wao kwa wao. Majoho hatukuhangaika nayo, mabuibui yalitosha, na mwanafunzi mwenzao Kafedha akaazima moja.

Siku yenyewe Fatma, aliyekuwa awe hakimu, alifikiwa na wageni, nikakalia kiti mimi. Karani akamwita wakili wa kwanza. Nilipomwona mama mkwe anaingia, Dada, nilisimama wima nikamwamkia shikamoo! Hakimu mzima! Darasa likaangua kicheko. Bi Zuleikha akaniambia niketi, kwamba mbele ya kiti kile ni yeye wa kuinamisha kichwa.

Kumbe alikuwa wakili wa yule mke. Alitaja kifungu cha arubaini na tatu, kwamba kila mtu ana haki ya elimu, akaja na cha arubaini na tano, kwamba mume na mke wana haki sawa katika ndoa. Kafedha, aliyeigiza mama mkwe, akalalamika akiuliza mtoto atalelewa na nani. Bi Zuleikha akamuuliza yeye amelea wangapi, na nani kati yao alilala njaa. Kisha sauti ikamshuka, akasema yeye alitolewa darasa la sita akaozwa, na hakuna aliyemsemea. Nilitoa hukumu machozi yakinitoka, kwamba mke aende akasome.

Hapo akaniuliza, mbele ya wote, kama hukumu ile inamfunga hata hakimu aliyeitoa.

Kumbe alijua yote! Mansur alishamwambia kitambo, hajui kumficha mamake kitu. Mama alikuwa akingoja nimwambie mwenyewe, hata akachoka kungoja. Na Kafedha, kwa kicheko, akanifichulia kwamba karatasi ya mama mkwe aliiokota Bi Zuleikha. Alimwomba yeye Kafedha wabadilishane, akamlipa sahani ya mahamri, kwa sababu alisema hawezi kunikataza hata kwa mchezo.

Naondoka Septemba, inshallah. Niombee dua, nisalimie shemeji na watoto. Wakili wetu naye anakusalimu. Sasa hivi yuko jikoni, anamfundisha Yasir kuniita Mheshimiwa.

Mdogo wako akupendaye,
Barke