Siku ya Mwaka kwa Shemeji

Mjini, usiku wa Siku ya Mwaka, 1955

Bega linaniuma. Alfajiri, na kipupwe hiki, nimekoga baharini Makunduchi kama wenzangu ili kuondoa uchafu wa mwaka, kisha nikaingia uwanjani kumtafuta shemeji yangu Haji. Tangu aje kumchukua dada yake nyumbani kwangu, tulikuwa hatusemezani. Kosa langu eti ni kumwambia mke wangu duka nimelijenga peke yangu. Basi alilijenga nani?

Nimempiga bua la mgomba mara nne, yeye kanipiga sita. Akacheka, "Basi, shemeji, yameisha." Ndiyo desturi ya Mwaka, mkishapigana hakuna tena kinyongo. Tukala sahani moja. Hesabu yangu ilikuwa jioni nirudi na mke.

Nikamwambia Mwanakheri, "Funga mzigo, nshapatana na kaka yako."

Akanimiminia chai. "Nimewaona, mmepigana vizuri. Lakini mimi hakuna aliyenipa bua."

Nimerudi na basi, kiti cha pembeni kitupu. Nimechoka. Wanawake hawapigani Siku ya Mwaka, na mimi sijui ya kwake yanaishaje.