Gia ya Tatu na Mlango wa Abiria

Mpendwa mshauri,

Kwa majonzi makubwa natangaza kwamba gia ya tatu ya lori langu dogo imeaga dunia, au haijaaga bado bali inakuja kwa kujivuta kama shemeji aliyeitwa kusaidia kuhama nyumba, na mimi naomba msaada kabla ya Jumamosi, siku ambayo mnunuzi wa vyuma chakavu atakuja na mnyororo wake.

Mimi ni seremala, mke wangu anashona makava ya makochi, na miaka kumi na tisa tumepeleka kazi zetu pamoja kwenye lori hili la otomatiki, ambalo lilifika kilomita laki nne na mita ikakata tamaa ya kuhesabu. Tangu tulinunue lilikuwa na tabia ya kusita kidogo kati ya gia ya pili na ya tatu, injini inalia na gari haliendi, na hapo mke wangu anaipiga dashibodi vikofi viwili vitatu, anasema, "Haya bibi, tumeshakuelewa, twende," nalo linashtuka linakwenda, na sisi tunacheka kana kwamba ndiyo mara ya kwanza, hata kama nyuma kuna kabati na mbele kuna mteja aliyekasirika. Siku hizo mlango wa upande wake haukufunguka kwa ndani, kwa hiyo kila tulipofika nilizunguka kumfungulia, mtaa mzima ukaniita Bwana Adabu, wake za watu wakawasema waume zao kwa ajili yangu, nami sikumwambia mtu kuwa ni kitasa kibovu.

Mwezi wa tatu nilikitengeneza kitasa kwa waya, kazi ya nusu saa. Mwezi wa nne mke wangu akaanza kupeleka makochi yake kwa gari la kukodi. Nilipomuuliza akasema, "Baba, kule nafunguliwa mlango." Nikamkumbusha kwamba wa kwetu sasa unafunguka vizuri kabisa. Akaniangalia, akarudi kwenye cherehani. Najua ananificha, sababu ni gia, maana sasa kusita kumerefuka, unaweza kumaliza salamu zote za asubuhi kabla lori halijaamua, na nikiwa peke yangu naipiga dashibodi vile vikofi lakini haiujui mkono wangu.

Fundi anataka kushusha giaboksi nzima. Binti yetu anasema, "Baba, hilo si gari, ni kumbukumbu yenye matairi." Oili si tatizo, napima kila asubuhi kabla sijawasha, kijiti kinaonyesha imejaa, na uani kwangu ni safi, kuna doa jekundu tu chini ya lori ambalo nalifunika kwa vumbi la mbao. Je, niliuze? Nikiliuza, mke wangu atapiga vikofi wapi?

Seremala

*

Bwana Adabu mstaafu,

Pole. Barua yako nimeisoma mara mbili: ya kwanza nilisikitika, ya pili nilitaka kukurushia kiatu.

Mwanamke uliyeishi naye miaka kumi na tisa anakwambia waziwazi anachokikosa, nawe unamjibu habari za waya! Huyo dereva wa kukodi hajakuzidi kwa giaboksi. Anashuka, anazunguka, basi. Nawe ulikuwa ukifanya hivyo mpaka mwezi wa tatu. Ulianza kwa sababu ya kitasa kibovu, sawa, lakini mkeo hakuwa akikitazama kitasa.

Vile vikofi nakuelewa. Mimi nina pasi mbovu ambayo siitupi, kwa ajili ya aliyekuwa akiishika. Ila wangu hayupo tena. Wako yuko chumba cha pili, anashona.

Mpigie mnunuzi leo, mwambie asije. Lori likipona, safari ya kwanza pakia kochi la mkeo kabla hajaita gari la watu. Mkifika, shuka, zunguka, fungua. Usieleze kitu. Usitaje waya. Gia ikisita njiani, mikono yako ibaki kwenye usukani, dashibodi mwachie mwenyewe.

Kuhusu giaboksi, nilimwonyesha barua yako kaka yangu, fundi wa magari. Anasema ya otomatiki kama hiyo hupimwa oili injini ikiwa inawaka na imepata moto; ukipima ikiwa imezimwa, kijiti kinaweza kukuonyesha imejaa kumbe imepungua. Usiliendeshe mpaka uzibe panapovuja na kuongeza. Likikataa hapo, ndipo fundi wako ashushe.

Lile doa jekundu unalolifunika kwa vumbi la mbao ni oili ya giaboksi.