Programu ya Mizani Uliyoikompaili Mwenyewe

Mzee Masatu, shikamoo. Najua marahaba haiji, ila mdomo umeshazoea.

Ni mimi Neema, yule uliyemwita fundi wa kubonyeza tu. Bado niko kiwandani hapa Nyakato, na chumba cha seva siku hizi ni changu. Kiti chako nimekitengeneza mguu, kilikuwa kinaniudhi tangu ukiwa hai.

Nina la kukiri. Ulipoondoka, hakuna aliyethubutu kugusa seva. Mama wa stoo alisema vitu vya marehemu haviguswi kabla ya arobaini, na mimi na diploma yangu nikatii! Arobaini ilipopita nikasasisha kila kitu kwa mpigo. Programu za tayari, zile tunazopakua zikiwa zimeshatengenezwa, zikapanda toleo zote pamoja. Ile ya mizani, inayopima minofu na kutoa lebo, uliyoikompaili mwenyewe, yaani uliyoijenga kutoka kwenye msimbo wake, ikabaki nyuma. Ilitegemea vipande vya zamani, na mimi katika kusasisha nilikuwa nimeshavifuta. Ikagoma kuwaka.

Mzee, jasho lilinitoka. Minofu ya sangara iko mezani, lebo hazitoki, dada wa kufungasha wamesimama na gambuti zao wananitazama. Meneja akanipa mpaka saa sita mchana: nikishindwa, anawaita watu wa Dar waifute seva nzima. Yaani kazi yako yote, miaka yote ile. Hilo ndilo lililoniuma.

Nikakumbuka ulivyokuwa unanisema: "Cha dukani kina mwenyewe wa kukihudumia. Cha mkono wako, mhudumu ni wewe." Nikaingia kwenye folda yako. Msimbo umetulia pale, amri umeziandika mstari kwa mstari, na chini kabisa: "Ukifika hapa, kanywe chai." Nikakompaili upya. Ikakataa. Nikarudia, ikakataa tena, ila ikataja kipande inachokikosa, nikakipakua. Mara ya tatu, saa tano na nusu, lebo ikatoka, wale dada wakapiga vigelegele utadhani harusini! Na chai nilikunywa, vikombe viwili.

Kuna lenye uchungu kidogo. Ulikuwa na programu tatu za kukompaili, hiyo ya mizani na nyingine mbili. Hizo mbili siku hizi zipo za tayari, zina yote uliyoyatafuta. Ijumaa nilizifuta zako. Nilijiona kama nakufukuza kazini. Halafu nikakusikia kabisa: "Futa, unangoja nini?" Ya mizani imebaki, maana kwa mizani kuukuu kama yetu hakuna anayetengeneza ya tayari.

Niko sawa, mzee. Kazi naipenda.

Basi, kwaheri. Nilikupenda sana, sikuwahi kukwambia kwa sababu ulikuwa hunyamazi. Nakuahidi hivi: kila nitakachokompaili kwa mkono kitakaa kwenye folda yake peke yake, na sababu ya kukikompaili nimeiandika juu. Atakayeshika nafasi yangu akiona sababu imekwisha, akifute siku hiyo hiyo, bila kuniogopa.

Neema